Maradhi Marefu Yasikate Masomo



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu Mtukufu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Sahaba zake.

Wanafunzi wapenzi na wazee wetu, katika toleo la mwaka huu walimu wa madrasa tumeona tuzungumze jambo ambalo hutokea karibu kila mwaka hapa petu Mkokotoni, lakini hatujawahi kukaa tukalisomesha. Jambo lenyewe ni hali ya mwanafunzi anayeugua kwa muda mrefu akawa amelala nyumbani, na masomo yake ya skuli na ya madrasa yakawa yanampita.

Tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wetu mmoja aliyekuwa ameshahifadhi juzuu tano alianguka kutoka juu ya mwembe akavunjika mfupa wa paja. Alilala nyumbani kwao miezi mitatu. Sisi walimu tulikwenda kumkagua mara moja tu, tukamchukulia machungwa, tukamwombea dua, tukaondoka. Hakuna aliyechukua msahafu wala daftari. Kwenye kitabu cha mahudhurio tuliandika "hayupo" kila siku, tukaona tumemaliza kazi yetu.

Alipopona alirudi na mkongojo wake, akakaa mahala pake pa zamani. Wenzake walikuwa wameshaingia juzuu ya sita. Ustadhi alipomtaka asome mbele ya darasa alikwama katika sura ambayo zamani akiisoma bila ya kusita, na watoto wakacheka. Alikuja siku mbili nyengine, kisha hakuonekana tena, si kwetu wala skuli. Tulipomuuliza mama yake, alisema, "Maalim, anaona haya." Siku hizi tunamkuta bandarini akibeba ndoo za dagaa, na hutuamkia kwa adabu kama zamani.

Mguu wake ulipona vizuri. Kwa hivyo hatuwezi kusema kuwa maradhi ndiyo yaliyomtoa masomoni. Kilichomtoa ni ile miezi mitatu ambayo kamba baina yake na sisi ilikuwa imekatika kabisa, na haya aliyoyakuta siku ya kurudi. Mambo mawili haya yote yangeweza kuzuilika, na hilo ndilo tunalotaka kulisomesha leo.

DINI YETU INATUFUNDISHA NINI?

Kwanza, mgonjwa asidhani kuwa amefutwa katika daftari la wema. Imepokewa na Imam Bukhari kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari (R.A.) kwamba mja anapougua au anaposafiri huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyafanya alipokuwa mzima na yupo kwao. Basi mtoto aliyekuwa akija madrasa kila siku kwa nia safi, akazuiwa na homa au mvunjiko, malipo yake hayakukatika. Tunalitanguliza hili kwa sababu mgonjwa mwenye huzuni hasomi, na wengi huingiwa na fikra kwamba maradhi ni dalili ya kuchukiwa na Mola wao. Sivyo.

Pili, Uislamu haukumwachisha mgonjwa ibada, bali umembadilishia namna ya kuitekeleza. Sahaba Imran bin Husayn (R.A.) alikuwa na maradhi ya bawasiri, akamuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu sala. Akaelekezwa asali kwa kusimama, asipoweza asali kwa kukaa, na asipoweza asali kwa ubavu. Tazameni vizuri mafundisho haya. Sala ni ile ile, ila mkao umepungua kwa kadiri ya uwezo. Wala hakuamrishwa asimame kwa nguvu mpaka aanguke. Sisi tunasema masomo ya mgonjwa nayo yaende kwa mpango huo huo.

Tatu, kidogo kinachodumu ni bora kuliko kingi kinachokatika. Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, ingawa ni chache. Na kuhusu Qur'ani khasa, ameifananisha na ngamia aliyefungwa, kwamba mwenyewe akimchunga atabaki naye na akimwachia atakwenda zake. Sisi watu wa pwani tunaweza kulifahamu jambo hili kwa madau yetu. Maji yakipwa, dau hukaa juu ya tope na halendi popote, lakini madamu nanga imeshika na kamba ni nzima, maji yakijaa litaelea pale pale. Likiwa halikufungwa, maji yatakapojaa tutalitafuta Tumbatu.

MIFANO YA WALIOTUTANGULIA

Urwa bin Zubeir alikuwa mmoja wa mafakihi saba mashuhuri wa Madina. Alipokuwa safarini kwenda Sham kwa Khalifa al-Walid bin Abdulmalik, mguu wake ulipatwa na kidonda kilichokuwa kikiendelea kuula, ikabidi ukatwe. Katika safari hiyo hiyo alifiwa na mwanawe. Imepokewa kwamba Urwa alikuwa na kawaida ya kusoma robo ya Qur'ani kila siku na kusimama nayo usiku, na kwamba kawaida hiyo hakuiacha ila usiku ule mmoja aliokatwa mguu. Usiku uliofuata aliirudia.

Wengi husimulia kisa hiki ili kuonesha nguvu za Urwa. Sisi tunataka mwanafunzi mgonjwa aone jambo jengine pia, nalo ni kuwa hata Urwa ulimpita usiku mmoja. Kukosa siku moja kwa maumivu si aibu. Kazi ni kurudi siku inayofuata.

Mfano wa pili ni Majduddin Ibn al-Athir wa Mosul, Iraq, aliyezaliwa mwaka 1149 na kufariki mwaka 1210. Yeye ndiye mwenye vitabu viwili vikubwa vya elimu ya hadithi, Jamiu al-Usul na an-Nihaya. Maradhi yalimpooza mikono na miguu, akawa hawezi kuandika, akabaki nyumbani kwake na watu wakimfuata huko. Inaelezwa kuwa vitabu vyake alivitunga katika muda huo wa maradhi, kwa kusaidiwa na watu waliokuwa wakimchagulia na kumwandikia. Funzo lililo wazi hapa ni kwamba mgonjwa alikuwa na akili, na waliomzunguka walikuwa na mikono. Bila ya hao wa pili, elimu ile isingetufikia.

MARADHI HAYAFANANI

Kabla ya kupanga masomo, lazima mzazi ajue maradhi ya mwanawe yanavyokwenda, na amuulize daktari, awe ni wa Hospitali ya Kivunge, Mnazi Mmoja au popote anapotibiwa. Swali lenyewe ni jepesi: "Mwanangu anaruhusiwa kusoma? Kwa muda gani kwa siku? Wenzake wanaruhusiwa kumkaribia?"

Yapo maradhi ya kulala mfululizo, kama kuvunjika mfupa. Mtoto hawezi kutembea kwa wiki nyingi, lakini maumivu ya mwanzo yakishatulia kichwa chake ni kizima. Huyu ana wakati mwingi kuliko hata aliye skuli.

Yapo maradhi ya dawa za muda mrefu, kama kifua kikuu. Tiba yake kwa kawaida ni miezi 6, na tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani limependekeza miezi 4 kwa watoto ambao ugonjwa wao si mkali. Haina maana kwamba mtoto atakaa nyumbani muda wote huo. Daktari akishathibitisha kuwa haambukizi tena na nguvu zimerudi, hurudi darasani huku akiendelea kumeza dawa mpaka mwisho.

Na yapo maradhi yanayokuja na kuondoka, kama selimundu, ambayo wengi huyaita siko seli. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka katika Tanzania. Mtoto huyu leo anacheza, kesho analia kwa maumivu ya mifupa, na keshokutwa amelazwa. Hakosi miezi mitatu kwa mpigo. Hukosa siku tatu hapa na wiki moja pale, na mwisho wa mwaka siku zilizopotea ni nyingi. Huyu ndiye anayeonewa zaidi, maana akionekana mzima huambiwa mvivu. Walimu na wenzake tujihadhari na neno hilo.

HALI TATU ZA MGONJWA

Kwa kufuata mafundisho aliyopewa Imran bin Husayn, tumepanga masomo ya mgonjwa katika hali tatu. Kila asubuhi mwanafunzi na mzazi wake waamue leo ni hali ipi.

1. Siku ya kusimama. Maumivu ni machache na usingizi ulikuwa mzuri. Baada ya sala ya alfajiri mwanafunzi adurusu ukurasa mmoja wa Qur'ani katika aliyohifadhi. Baada ya chai asome somo moja la skuli kwa nusu saa, apumzike, kisha somo la pili kwa nusu saa nyengine. Jioni afanye zoezi moja. Asizidishe hata akijiona ana nguvu, kwani wengi hujichosha siku moja wakalala siku tatu.

2. Siku ya kukaa. Anaweza kukaa kitandani akiegemea mto, lakini huchoka haraka. Nusu ukurasa wa Qur'ani na somo moja la dakika ishirini zinatosha.

3. Siku ya ubavu. Hawezi kushika kitabu. Siku hii asikilize tu. Mama au dada amsomee sura fupi, au awekewe kisomo cha ustadhi wake kilichorekodiwa katika simu. Akishindwa hata hilo, alale. Daktari akikataza kusoma kabisa, kutii ni sehemu ya tiba, na siku hiyo haihesabiwi kuwa deni.

Msidharau ukurasa mmoja. Katika msahafu wa Madina juzuu moja ina kurasa 20 hivi. Mwenye kudurusu ukurasa mmoja kwa siku, kwa siku 90 atakuwa amepitia juzuu nne na nusu. Mwanafunzi wetu tuliyemtaja alikuwa na juzuu tano. Lau tungempelekea msahafu na mtu wa kumsikiliza, angerudi na takriban zote.

Jambo la kifiqhi ambalo wagonjwa hutuuliza ni hili: je, asiyeweza kutawadha asome Qur'ani? Kwa madhehebu ya Imam Shafi, kusoma kwa moyo bila ya udhu kunafaa, madamu msomaji hana hadathi kubwa. Kushika msahafu ndiko kunakohitaji udhu, na ambaye maji yanamdhuru atatayammam. Na mtoto mwenye kupambanua ambaye hajabaleghe hazuiwi kuushika kwa ajili ya kujifunza. Basi udhu usiwe sababu ya kuuweka msahafu kabatini miezi mitatu.

MASOMO GANI YATANGULIE?

Mgonjwa hawezi kusoma kila kitu, kwa hivyo achague. Yapo masomo ambayo ni kama ngazi, ukikosa kidato kimoja huwezi kupanda cha juu yake. Hesabu ni hivyo. Asiyesoma sehemu hatafahamu uwiano wala asilimia. Kiarabu ni hivyo. Aliyekosa mubtada na khabar atapotea watakapofika kana na ndugu zake. Na tajwidi ni hivyo. Masomo haya yatangulie hata kwenye siku ya kukaa.

Yapo mengine ambayo kila mlango unajitegemea, kama historia, jiografia na sira. Haya yanaweza kusomwa baadaye kwa mkupuo, au yasomwe kitandani kama hadithi kwa kujiliwaza.

WAJIBU WA MZAZI

Mzazi atoe taarifa skuli na madrasa katika wiki ya kwanza, na akipata cheti cha daktari akipeleke na akiweke nakala. Kama mtoto yumo katika darasa la mtihani, uwe wa kidato cha pili wa Baraza la Mitihani la Zanzibar au wa kidato cha nne wa Baraza la Mitihani la Tanzania, amwone mwalimu mkuu mapema aulize utaratibu. Asisubiri wiki ya mtihani.

Nyumbani amtengee mgonjwa pahala penye mwanga na hewa, na maji ya kunywa yawe karibu, khasa kwa mwenye selimundu, kwani upungufu wa maji na baridi humchochea maumivu. Na wazee wetu, msimfanye binti mgonjwa kuwa mlezi wa wadogo zake kwa sababu tu "yupo nyumbani". Muda wake wa masomo una haki yake.

WAJIBU WA RAFIKI

Kumkagua mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya Muislamu mwenzake. Mwanafunzi ana zawadi ambayo mtu mzima hana, nayo ni daftari lake. Wenzetu walisema mgonjwa haulizwi uji. Basi usimuulize rafiki yako kama anataka kuletewa masomo, maana kwa haya atasema asante, hataki. Wewe mpelekee.

Utaratibu wetu ni rahisi. Kila mwanafunzi mgonjwa apewe rafiki wawili wa kupokezana, na binti apewe mabinti wenzake. Siku mbili kwa wiki mmoja wao apite na daftari, amweleze somo moja kwa robo saa, kisha aondoke, kwa sababu adabu ya kumkagua mgonjwa ni kutokumchosha. Penye simu ya mzazi, picha ya ubao itumwe kila siku. Picha peke yake haitoshi, kwani mgonjwa anahitaji kumwona mtu. Na aliyemweleza mwenzake somo hufaidika yeye kwanza, maana hulifahamu maradufu.

WAJIBU WETU WALIMU

Skuli na madrasa za Zanzibar zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, sote tulitafuta njia. Masomo yalipita katika redio na televisheni, na walimu wengi walijifunza kusikiliza wanafunzi kwa simu. Yale tuliyoyaweza kwa watoto wote tunashindwaje kuyafanya kwa mtoto mmoja? Na huko Dar es Salaam, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, watoto wanaotibiwa saratani husomeshwa pale pale hospitalini kupitia taasisi ya Tumaini la Maisha. Ikiwa mtoto mwenye saratani anasomeshwa wodini, hatuna udhuru sisi ambao mgonjwa wetu yupo nyumba ya tatu kutoka madrasani.

Kuanzia mwaka huu tumeafikiana mambo matatu. Jina la mgonjwa halitaandikwa "hayupo" bali "mgonjwa", na kila wiki atatajwa mwalimu anayemfuatilia. Mwalimu huyo atakwenda mara moja kwa wiki kumsikiliza Qur'ani, kwa kadiri ya hali yake. Na mgonjwa hatashushwa darasa kabla ya kukaa nasi na mzazi wake tukazungumza.

SIKU YA KURUDI

Hii ndiyo siku nzito. Mwanafunzi arudi kabla ya kupona kabisa, ikiwa daktari ameruhusu, hata kwa saa moja tu kwa siku, ili azoee. Rafiki zake wampitie nyumbani waje naye pamoja. Mwalimu asimsomeshe mbele za watu wiki ya kwanza, bali amsikilize pembeni, na aanzie pale anapopaweza. Na anayemcheka mwenzake aliyekwama kwa sababu ya maradhi ajue kuwa afya aliyonayo hakuinunua.

HITIMISHO

Yule mwanafunzi wetu wa bandarini tumemwendea mwaka huu, tukamtaka radhi, tukamwambia kuwa darsa ya baada ya sala ya isha ina nafasi yake. Alitusikiliza akainamisha kichwa, akasema atakuja Mungu akipenda. Bado hatujamwona, lakini hatukukata tamaa na tutamwendea tena. Tunakuombeni nyote mumwombee dua bila ya kumtafuta jina.

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape subira wanaowauguza, na utujaalie sote elimu yenye manufaa. Aamin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Imran bin Husayn alielekezwa mikao mingapi ya sala, na kila mmoja unafanana na siku gani ya masomo ya mgonjwa?
2. Tunajifunza nini kwa Urwa bin Zubeir kukosa kisomo chake usiku mmoja tu?
3. Mwanafunzi ana juzuu mbili. Akidurusu nusu ukurasa kwa siku, atazimaliza kwa siku ngapi?
4. Taja masomo mawili yanayofanana na ngazi, na ueleze kwa nini.
5. Je, yupo mwanafunzi mgonjwa katika mtaa wenu sasa hivi? Utampelekea nini wiki hii?